Nyumba Ninazochora Kabla Hazijaezuliwa

Nyasura, Bunda

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua. Mimi mwilini sina ugonjwa. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usome mwenyewe, maana nasikia kwenye kisomo cha watu wazima umekuwa hodari hadi unamkosoa mwalimu. Ukichoka mpe Dada Yustina amalizie, ila asiruke sehemu mbaya.

Uliuliza upimaji ardhi unaendaje. Hauendi, Mama. Tangu mwaka wa kwanza nimekuwa nikikaa darasani kama mtu aliyeingia msiba asioujua, nikicheka wenzangu wakicheka na kunakili wanachoandika. Sikukwambia kwa sababu ulikwisha kuwatangazia watu kanisani kwamba mwanao anasomea uinjinia. Walipotuleta huku Mara kwa mazoezi nilikuwa nimekata tamaa, sijui hata nitarudi nyumbani na uso gani.

Tulianzia Musoma mjini, tukala sato hadi tukachoka, kisha tukaletwa hapa Nyasura ambako tunalala kwenye ghala la pamba. Kazi yetu ni kupima viwanja vya vijiji vya ujamaa. Watu waliokuwa wakikaa mbalimbali, kila mmoja na ng'ombe wake, wanatakiwa wakae pamoja karibu na barabara. Wako wanaohama kwa hiari, hata wanaimba. Wengine hupewa siku, na siku hiyo gari huja na watu wa kuezua paa. Mimi, kwa kuwa nilikosea vipimo mno, nilinyang'anywa kamba ya kupimia nikapewa kopo la chokaa, niandike namba kwenye nyumba zitakazoezuliwa.

Ndivyo nilivyofika kwa Mama Magesa, mjane mmoja kwenye njia ya kwenda Kisorya. Nilipomaliza kuandika namba ukutani pake alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikangoja matusi.

"We kijana una mkono mzuri," akasema. "Nyumba unaweza kuchora?"

Nikamwambia sijawahi.

"Jaribu. Huko mnatupeleka sitaiona tena."

Nikakaa kwenye kigoda, nikatoa penseli na karatasi ya ramani. Nikachora nyumba, kihenge cha mtama, uzio wa minyaa, zizi, na kaburi la mumewe kando ya lango la zizi, maana huku mwanamume huzikwa karibu na ng'ombe wake. Mama, sijui nikueleze vipi. Jua lilihama upande mimi sina habari. Kwa mara ya kwanza tangu nianze shule, akili yangu na mkono wangu vilikuwa mahali pamoja. Nilikuwa na furaha, na naona aibu kuliandika neno hilo.

Aliitazama picha, akaweka kidole kwenye lango.

"Hapa umekosea. Umelifunga."

"Lakini limefungwa, Mama."

"Limefungwa sababu ng'ombe zimeshaswagwa huko kijijini. Baba Magesa alikuwaga halali mpaka ziingie zote. Sasa ukimfungia atalala saa ngapi?"

Nikafuta, nikalichora liko wazi. Akaikunja karatasi, akaitia kifuani. Gari lilipokuja alipanda mwenyewe, hakugombana na mtu. Nyasi za paa zilipoanza kuvutwa hakugeuka.

Habari zikaenea. Kila nilipopita na chokaa watu walinitolea kiti. Nikawa nachora mchana kutwa, hadi kidole kikaota sugu. Nilianza kujua ukuta wa udongo unavyovimba kwa chini, na kivuli kinavyokaa mlangoni. Niliamini nawatendea wema.

Siku moja mkuu wa msafara wetu aliniita. Nikajua nimekwisha, kwa zile karatasi zote za serikali. Kumbe alikuwa ameniwekea soda.

"Umetusaidia sana," akasema. "Ukishawachorea wanahama kimya. Kule ambako hujafika mtu alijifungia ndani na watoto, tukapata taabu kweli. Kuanzia sasa utatangulia wewe, chokaa ifuate."

Akanipa penseli mpya, na akaahidi kuniombea nafasi kwenye chuo cha sanaa.

Nilitangulia, Mama. Sikukataa. Kwenye boma moja upande wa Murangi, mzee wa watu alimwita mkewe wakavaa nguo za kanisani ili nao waonekane kwenye picha. Walinishukuru kana kwamba nimewaletea zawadi. Mzee huyo hakumaliza mwezi huko kijijini. Alizikwa kwenye kiwanja tulichompimia, hakuna zizi wala ng'ombe, na mkewe akaomba ile picha iingie naye kaburini.

Sasa penseli ninazo hapa na sijui kama asubuhi nitakwenda. Nikikataa narudi darasani kwenye pembe zisizonielewa, au narudi kwako mikono mitupu. Kinachonitisha zaidi ni kwamba nataka kuchora kuliko ninavyotaka kuwa mtu mwema. Sikujua niko hivyo.

Nisalimie Dada Yustina na wanawe. Msalimie Mjomba, fundi baiskeli, mwambie nasikia mpaka huku jinsi anavyowaibia wateja. Nisalimie Bibi mzaa baba, na katekista aliyenifundisha a, e, i, o, u, aniombee bila kuuliza sababu.

Lipo jambo moja ambalo nataka Dada alisome kwa sauti. Nasikia operesheni hii ya kuhamisha watu inakuja huko kwetu Kasulu. Jana niliichora nyumba yako, na kaburi la Baba nyuma ya migomba. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora, na nimeichana, kwa sababu niliogopa ukiiona utaridhika. Akija kwako kijana mpole mwenye penseli, akasema atakuchorea nyumba bure, usimpe kiti, Mama. Mfukuze.

Mwanao,
Bonifasi