Karatasi za Baba Nilizichoma Mimi

Malaz, Riyadh
Jumapili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu zangu, na za joto la huku, ambalo nikikueleza utadhani natia chumvi. Goti lako la kulia liko vipi? Ndugu yangu Mwakio aliniambia umeanza kutembea na mkongojo, na ukiulizwa unasema ni wa kufukuzia mbuzi. Nilicheka, halafu nikasikitika. Mama je, kile kifua chake kimepoa? Mimi mwili wangu mzima, nala na nalala. Moyo ndio sina la kuusifia, na ndiyo sababu unapata karatasi badala ya kunisikia kwenye simu.

Mara tatu nimekupigia nikitaka kukwambia jambo hili, na mara tatu nimeishia kuuliza habari za mvua. Sasa nimempa barua Zuhura, Mkenya mwenzangu wa ghorofa ya chini, ambaye ikama yake, kile kibali cha kukaa huku, imekwisha na anarudi kwao Mtwapa. Atatua Nairobi, na basi lake la kwenda Mombasa linapita hapo Voi. Ameniapia kwamba atashuka akukabidhi mkononi. Nimemwomba afanye haraka, kwa sababu Mwakio ameniambia kamati ya shule ya chekechea inakutana mwisho wa mwezi, na kwamba Kadzo, aliyekuwa mtumishi wetu, ameomba kazi ya upishi. Akaniambia pia kwamba wewe, mwenyekiti, umeapa kusimama na kusema huwezi kukabidhi chakula cha watoto kwa mkono uliochoma kitabu chako.

Baba, Kadzo hakuchoma chochote. Ni mimi.

Nimeshaandika. Kama umesimama, kaa kwanza, nikueleze jinsi ilivyokuwa.

Unakumbuka miaka ile ulivyokuwa ukimwandika yule mwanafalsafa wako, mwanahistoria wa enzi za Malkia Viktoria. Ulitaka watu wetu wasome maisha yake na maneno yake kwa Kiswahili. Nyumba nzima tulimjua kama jirani. Tukila, yeye, tukiosha vyombo, yeye. Tulijua kwamba babake alikuwa fundi wa mawe huko Uskoti, kwamba alikwenda chuo kikuu kwa miguu siku kadhaa njiani, kwamba alifundisha shule akaichukia. Tulijua habari za tumbo lake lililomsumbua maisha yote kuliko tulivyojua za tumbo la bibi. Tulijua kwamba alijijengea chumba juu ya nyumba ili asisikie jogoo wa jirani, na bado kelele zikamfuata humo humo. Mama akasema yeye angemchinja huyo jogoo yakaisha, nawe ukanuna siku mbili.

Na kwa kuwa hukupenda kuharibu kitu, uliandika nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Karatasi za mitihani zilizobaki zilikuwa kwenye boksi kando ya mlango wa jikoni, na hizo ndizo tulizowashia jiko. Zako zilikuwa kwenye boksi la pili, sawa kabisa na hilo, chini ya meza yako.

Siku ile mvua ilinyesha, makaa yakalowa. Wewe ulikuwa na wageni wa chama cha walimu, ukaniagiza chai mara mbili. Kadzo alikuwa ametumwa mtoni na Mama. Boksi la jikoni lilikuwa tupu. Nikaliona lile la chini ya meza, upande wa mitihani ukitazama juu, nikabeba rundo zima la karatasi na kuziingiza jikoni. Nilitia moja moja nikipepea. Nilikuwa nimefika nusu nilipoona mwandiko wako.

Ningesimama hapo, Baba, ningekuwa na kosa la kawaida tu, la mtu aliyekosea boksi. Ungenichapa, ungelia, yangepita. Lakini nilisikia unacheka na wageni sebuleni, nikaogopa. Nikafikiri kwamba nusu itakayobaki itaonyesha nusu iliyokwenda. Basi nikachukua zilizobaki, nikijua ni nini, nikazichoma zote. Chai mliyokunywa siku ile ilichemshwa na kitabu chako. Nusu ya kwanza nilikosea, ya pili nilifanya makusudi. Hilo ndilo nimeshindwa kulitamka miaka kumi na moja.

Ulipokosa karatasi zako hukuuliza nani. Ulikaa kitini, ukatuhadithia tena, kwa sauti ya chini, jinsi hata yeye kitabu chake kikubwa alivyomwazima rafiki akisome, na mtumishi wa huyo rafiki akadhani ni takataka akakitia motoni. Ulikuwa na huzuni lakini nilikuona unajinyoosha kidogo, kama mtu aliyepatwa na la wakubwa. Hadithi ilikuwa na mtumishi, na nyumba yetu ilikuwa na mtumishi. Mimi sikusema kitu. Nilikuacha ufike kwa Kadzo mwenyewe.

Asubuhi Kadzo aliondoka na mfuko wake wa nguo. Mama alilia. Wewe ulikuwa umegeukia dirisha, kwa hiyo hukumwona alivyosimama, lakini najua ulimsikia. Alisema, “Mwalimu, mimi kusoma sijui, lakini karatasi zako nazijua.” Ni kweli. Yeye pekee ndiye aliyekuwa akizipangusa vumbi bila kuzichanganya.

Mwanafalsafa wako alikaa akakiandika kitabu upya chote. Wewe ulifika ukurasa wa sita, ukaacha. Kila nikikuona umekaa na ile kalamu bila kuandika, nilitoka nje.

Sasa sikia kilichonipata huku, maana bila hicho ningeendelea kuuliza habari za mvua. Madam wangu ni mhadhiri katika chuo cha wanawake, na anaandika tasnifu. Unajua anamwandika nani? Huyo huyo wako. Huku wanamheshimu kwa sababu alimsemea vizuri Mtume mbele ya Waingereza wakati wengi wao walikuwa wakimtukana. Nilipoona picha yake mezani, ndevu zile na uso ule wa mtu mwenye tumbo linalouma, nusura nimwamkie. Madam aliniambia pia jambo ambalo wewe hukutuambia: kwamba aliandika maneno mabaya sana juu ya watu weusi, kwamba walazimishwe kufanya kazi. Sijui kama hukuyasoma au uliyaruka. Tutazungumza nikirudi.

Mwezi uliopita sura moja ya tasnifu ikapotea, ile yenye masahihisho ya mkono. Niliitwa sebuleni mbele ya mamake bosi, huyo mume wa madam, na mbele ya Rim, binti yao wa miaka kumi na minne. Madam akaniuliza kama ninajua kilichompata mwandishi huyu, kwamba mtumishi alichoma kitabu chake. Nikasema najua, babangu alinihadithia. Alinitazama kana kwamba ukuta umesema. Lakini hakuniamini. Simu yangu ikachukuliwa, na bosi, ambaye ndiye kafili wangu, mdhamini wa kibali changu, akasema nitarudishwa ofisini kwa wakala. Niliapa kwa Mungu. Nikiapa nilikuwa namsikia Kadzo, na nikaelewa kwa nini yeye hakuapa. Mtu akishajua hadithi inavyokwisha, hakusikilizi.

Wiki iliyofuata tukaenda Jeddah, kwa mama yake madam, mtaa wa Al-Rawdah. Kazi yangu ni kufungua masanduku na kutundika nguo. Chini kabisa ya sanduku la Rim nikazikuta karatasi, zimegandana kwa rangi ya kucha iliyomwagika. Rim alikuwa mlangoni. Hakuja kuninyang'anya. Alisimama tu, na uso wake, Baba, ulikuwa wangu wa siku ile jikoni. Akasema kwa Kiingereza, polepole, nisimwambie mamake.

Ningeweza kuzipeleka mwenyewe na kujisafisha. Haki yangu ilikuwa mikononi. Lakini nilimwambia nampa hadi baada ya sala ya alasiri aseme kwa mdomo wake, na asiposema nitasema mimi. Nilikwenda kukata vitunguu, nikavikata vingi kuliko vilivyotakiwa.

Alisema. Nilisikia madam akipaza sauti. Mtoto wa miaka kumi na minne alichukua mchana mmoja. Madam akaja jikoni, akaniwekea simu yangu kando ya sinki, akasema, “Halas, Wakesho,” yaani yamekwisha. “Nisamehe.” Akafungua friji, akaifunga bila kutoa kitu, akaondoka. Ndiyo hivyo tu. Lakini nililia hapo hapo, na si kwa ajili yangu. Nililia kwa kuwa Kadzo hajaambiwa hata hayo maneno mawili na mtu yeyote wa nyumba yetu.

Rim aliniuliza baadaye nilijuaje kwamba atasema. Sikujua. Nilichojua ni vile inavyokuwa usiposema.

Madam alinisimulia kwamba mzee wako, mkewe alipofariki, alisoma daftari lake na kuona jinsi alivyomuumiza, akajuta hadi kaburini, na mwenye kusamehe hayupo. Mimi nina bahati. Wewe upo, Kadzo yupo, na kikao bado. Ulikuwa ukituambia, kwa maneno yako, kwamba alisifu kazi iliyo karibu na mkono wa mtu, na kwamba alisifu kunyamaza. Mimi nilishika hilo la kunyamaza. Leo nimejaribu lile lingine.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi arobaini na mbili. Ni yale niliyokumbuka ya kitabu chako, uliyokuwa ukitusomea tukila. Nimeyaandika nyuma ya karatasi za madam alizokwisha tumia. Nilimwonyesha kila moja kwanza nikamwuliza kama haihitaji. Hayafanani na yako, na pengine jogoo nimemwongezea maneno, lakini ukurasa wa saba unao.

Unikasirikie utakavyo. Usiposhika simu yangu mwaka mzima nitaelewa. Ila siku ya kikao simama na mkongojo wako uwasomee barua hii, mahali pale niliposema ni mimi. Usiseme “mtoto mmoja” wala “mtu wa nyumbani.” Nitaje.

Nisalimie Mama, umwambie alilia kwa haki. Nisalimie Mwakio ndugu yangu, na shangazi mshonaji, na mke wa mchungaji anayeniombea kila Jumatano bila kujua anaombea nini. Kadzo usimpe salamu zangu. Mtumishi wa yule rafiki sijawahi kusikia akitajwa jina, wala kwako wala kwa madam. Huyu wetu umrudishie lake mbele ya watu, na salamu nitampelekea mwenyewe kwa miguu yangu, kama atanifungulia mlango.

Mwanao aliyekupikia ile chai,
Wakesho