Damu ya Kwenye Picha

Kwako binti yangu, polisi wa sukari,

Pokea salamu zangu, uzigawe kwa mume wako na kwa huyo mjukuu wangu anayelia kama amelipwa. Mko wazima? Mimi nipo. Miguu yangu yote miwili ipo, nimeikagua kabla ya kushika kalamu, maana najua hilo ndilo swali lako la kwanza. Kile kidonda cha kisigino kimefunga. Ungekuwa unauliza habari za moyo wangu kama unavyouliza habari za visigino, ningekuwa baba wa kuonewa wivu.

Usishangae kupata barua. Simu ya hapa inapokelewa na mama yako, sauti inafunguliwa mpaka majirani wanaitikia salamu, na haya ninayotaka kukwambia si ya majirani wala si ya mama yako. Atakuletea dereva wa gari la mikate. Anapita kwako leo hii.

Nianze na keki, maana huko ndiko tulikopotelea. Wewe ulinikalisha kwenye simu ukanieleza kwamba kisukari si jela, ila mtu achague. Nichague keki kavu, isiyopakwa krimu. Kipande cha upana wa vidole viwili. Nile baada ya chakula, na siku hiyo mkate niupunguze. Nilikubali yote. Nilichouliza ni vidole viwili vya nani, maana vyangu vimevimba kwa kugonga soli za viatu vya watu maisha yangu yote, ukanikatia simu.

Halafu yule muokaji wa kona, tunayemwita Tanuri kwa jinsi mdomo wake haupoi, akaleta keki zenye kibandiko kwamba hazina sukari. Nilifurahi kama mfungwa aliyefunguliwa mlango. Nikala kipande, nikaongeza, na cha mwisho nilikila kwa kumheshimu muokaji. Ulipojua ulifoka kwamba unga nao ukifika tumboni unageuka sukari, na kwamba tumbo halisomi vibandiko. Nilimfikishia Tanuri maneno yako. Akasema binti yangu amesoma mpaka ameharibika. Nikamwambia huo uharibifu ni wa upande wa mama.

Ndipo ukaleta mashine ya kupimia sukari na sheria zako. Kila Jumapili asubuhi nijichome kidole kabla sijala, nikutumie picha ya namba. Namba ikiwa nzuri, kipande cha keki ni halali yangu. Ikiwa mbaya, nitazame wenzangu wakila. Unajua kunitesa, mwanangu, na najua ulikojifunza.

Keki ile ya Jumapili tulikula wawili. Mimi nilichagua ile kavu uliyonielekeza, mama yako akachagua ya krimu, kwa kuwa yeye hakuwa mgonjwa wa kitu. Kisha mimi nilimsaidia krimu yake, na yeye akaagiza nyingine. Miezi ikaenda hivyo. Picha zilikuwa nzuri, ukanisifu kwenye simu, ukasema wazee wote wangekuwa kama mimi. Mama yako alitoka chumbani akicheka, akaziba mdomo kwa khanga.

Kisha namba zikaanza kupanda. Uliniuliza nakula nini kwa siri. Nikaapa, na safari hiyo niliapa kweli. Ukanifutia keki. Namba ikapanda. Ukasema utamwambia daktari aniongezee vidonge. Namba ikapanda tena, na sauti yako ikabadilika, ukaacha kufoka. Hapo ndipo niliogopa. Nimezoea kufokewa na wewe. Sijazoea unyamaze.

Sasa kaa chini, kama umesimama.

Damu ile si yangu. Ni ya mama yako, tangu picha ya kwanza.

Siku ile ya kwanza sindano iligoma kupita kwenye ngozi ya kidole changu, ngumu kama soli, na wewe ulikuwa unasubiri picha. Mama yako akasema nisimtie mtoto wasiwasi, akanyoosha kidole chake. Namba ikatoka nzuri. Tulicheka mpaka tukakohoa. Baada ya hapo ikawa mchezo wetu. Kila Jumapili ananyoosha kidole kama bibi harusi anayevishwa pete, mimi nachoma, wewe unasifu, tunakwenda kwa Tanuri.

Zilipopanda nilimwambia mama yako mashine imeharibika. Lakini nilijichoma mwenyewe nyuma ya nyumba, kwa nguvu. Yangu haikuwa ya kujivunia, ila ilikuwa ya mtu anayeishi. Yake ya Jumapili iliyopita, hiyo uliyoiona, ni mara mbili ya yangu.

Na mimi nilikuwa naona, mwanangu. Anakunywa maji, anajaza jagi, anakunywa tena. Sketi yake anaibana kwa pini. Nilimtania kwamba anajikondesha kwa ajili ya mwanamume mwingine, akasema foleni ni ndefu nisubiri. Siku hizi hanijibu. Analala akiwa amekaa. Nilimwambia twende hospitali, akasema mgonjwa ni mimi, nisimgawie ugonjwa wangu kama biskuti. Hamtii mtu mwingine ila wewe. Nilitaka uje Jumamosi, ujifanye umekuja kunipima mimi, umpime na yeye.

Nilikuwa nimefika kwenye salamu za mwisho. Nikaona aibu kumsemea mtu aliye mbele yangu, nikasema na asome mwenyewe, anitukane, yaishe. Nikampa karatasi zote. Alizishika karibu na dirisha, jua limejaa chumba kizima. Akazigeuza, akazisogeza mpaka puani. Kisha akanirudishia, akaniuliza mbona bado sijaanza kuandika.

Sahau Jumamosi. Usije nyumbani, njoo hospitali kubwa ya barabarani. Gari la mikate limesimama nje, nimemwambia dereva ashushe makreti ya mbele tukae, atuache hapo kisha akuletee hii. Ukifika waambie madaktari ukweli wote, hata ule wa kuniaibisha. Nisalimie wote nyumbani kwako, na huyo mjukuu mfutie machozi kwa niaba yangu.

Mama yako nimemwambia ni mimi ninayeumwa, anisindikize. Amekubali papo hapo. Amenishika mkono, anaamini ndiye anayeniongoza.

Ni mimi baba yako,
Fundi Viatu