Mashine ya kupimia na pua ya Baba Axel

Baba Axel,

Sombe, mboga ya majani ya muhogo, iko jikoni, uifunike. ~~Ile mashine mupya ya kupimia televizyo na redio tuikamate.~~ Hapana! Muchuuzi Didier akikuja, umurudishie. Hatuwezi kumupa mabati ya nyumba yetu ili atuachie mashine.

Siku tatu unapima televizyo ya Mama Clémentine, mashine inasema kila kitu iko muzima. Leo asubuhi nikafungua mugongo ya ile televizyo nipanguse vumbi: panya amekula waya, akafia mule. Ile harufu, mimi nilizania ni miguu yako.

Wakati ya vita haukukuwa na mashine. Ulikuwa unanusa kwanza pale iliharibika, unatengeneza, na redio za mutaa muzima zilisema.

Waya nimeunga, televizyo imewaka, naipeleka kwa mwenyewe.

Sombe niliweka chumvi. Kama unabisha, pima kabla Didier hajaibeba mashine.

Mama Axel