Mkono Wako Kwenye Mizinga ya Ugalla

Baba yangu,

Nimekaa barazani hapa mjini Kawajense, madaftari ya wanafunzi hayajasahihishwa. Tangu tukuzike sijawahi kukuandikia. Leo sina mwingine wa kumuuliza.

Unaikumbuka kamusi yangu ya Kiingereza, ile iliyochanika jalada? Niliporudi likizo uliniketisha karibu yako ukichonga mizinga, ukanitahini. Uliinua sufuria ya mama iliyobonyea ubavuni. "Wazungu wanaitaje hapa?" Nikasema dent. Ukanionyesha kisu kilichomeguka kwenye makali, nikasema nick. Mkato uliouchonga kwa tezo kwenye gogo, notch. Ulipofika kwenye menomeno ya msumeno nikakutolea neno refu, serrated, nikajivuna. Mwisho ukafungua mdomo ukagusa pale jino lilipong'oka. Nikapekua kamusi bure, ukacheka mpaka ukakohoa.

"Sisi yote hayo tunasema pengo, tunaendelea na kazi," ulisema. "Hawa wenzetu wana nafasi."

Sasa maneno yale yananitokea puani. Kikundi cha warina asali kimepata mnunuzi wa nje. Anataka orodha ya mizinga yote, na alama ya kila mwenye mzinga ielezwe kwa Kiingereza. Mwenyekiti akasema, "Mwalimu si yupo, binti wa marehemu, atatuandikia." Nikavimba kichwa. Jirani anayemrinia mama siku hizi alinitumia picha za mizinga yako kwa simu. Zilikuwa na giza. Nikaangalia mbili tatu, mingine yote nikaiandika vilevile: notch tatu kwenye ukingo wa mdomo, na chini yake ukingo wenye menomeno. Kisha nikatia sahihi chini ya sentensi inayosema alama hizi nimeziona kwa macho yangu. Nilikuwa hapahapa mjini, nakunywa chai.

Juzi mwenyekiti akapiga simu. Alhamisi wakaguzi wanaingia msituni na orodha yangu. Mzinga ambao alama yake haifanani na maandishi utahesabiwa hauna mwenyewe, na mwanakikundi yeyote anaweza kuuchukua. Mama anaishi kwa asali ile, Baba. Mahindi mwaka huu hayakutoa kitu.

Nikazifungua picha zote, nikazikuza. Yale menomeno kwenye mzinga mmoja yako kushoto, kwenye mwingine yako kulia, kwenye mwingine hayapo kabisa. Mtu anayechonga alama ya ukoo hachezi hivyo. Nadhani ni nyegere, alikuwa anatafuna mzinga akitafuta asali, nami nimeyaandika meno ya mnyama kuwa ni mkono wako. Na sasa hata zile notch sizielewi. Labda ni mbili, na ya tatu ni ufa wa jua. Kila nikitazama naona kitu kingine.

Nikampigia mama.

"Mama, alama ya Baba ikoje hasa?"

"Mimi msituni siendagi, si unajua? Kule ni kwa wanaume. Wewe ndo alikupeleka. Kwani hakukuonyesha?"

Nikamwambia mtandao unakatika, nikakata simu mwenyewe.

Ulinionyesha. Nilikuwa kidato cha pili, na wenzako walikucheka kwa nyuma kwamba unampeleka binti kwenye nyuki. Hukuwa na mtoto mwingine. Tulitembea mpaka miguu ikavimba, ukateremsha mzinga mtupu, ukaulaza kwenye majani, ukakishika kidole changu.

"Pitisha hapa, mama. Hii ilikuwa ya babu yako. Nikifa, utaijua hata ukiwa umefumba macho."

Mimi nilikuwa nimejifunika kitenge kichwa kizima. Kulikuwa na nyuki wachache tu, lakini moyoni nilikuwa nauliza tutarudi saa ngapi. Kidole kilikuwa kama chako, ulikipeleka ulikotaka. Ukaniuliza, "Umeelewa?" Nikasema ndiyo. Ulifurahi sana, Baba. Njia nzima ya kurudi ulipiga mluzi.

Leo asubuhi nimemweleza mwenyekiti kwamba sahihi yangu ni ya uongo.

"Basi Mwalimu," akasema, "Alhamisi njoo mwenyewe uwaoneshe. Nyie ndo mnaijua alama yenu."

Kesho kutwa nitasimama mbele ya mizinga yako, wakaguzi wameshika karatasi, mama yuko nyumbani anasubiri. Wataniuliza ipi ni yako. Nitakuwa sina kitenge kichwani, na sitajua.

Nisamehe kwa ile ndiyo. Wewe lala salama, mimi usingizi umenikimbia.

Mwanao wa pekee