Neno Nililosema Makobola

Jumatatu, 15 Julai

Mchele umefungwa. Sufuria, jiko la mbabula na mkaa viko nyuma kwenye kona. Godoro tumelitandika juu ya magunia ili watoto wasirushwe sana barabarani. Shemeji ametuazima kamioneti yake, ile anayobebea mpunga, na hata baada ya kuoshwa bado inanuka mpunga. Juu tumefunga turubai. Hiyo ndiyo nyumba yetu ya likizo.

Tunakwenda Makobola kwa mama wa marehemu Vumilia, mke wa kwanza wa mume wangu, Baba Ombeni. Watoto hawajamwona koko yao, bibi mzaa mama, tangu matanga. Ombeni ni mkubwa, anakumbuka yote. Asifiwe anakumbuka anachoambiwa na dada yake. Riziki alikuwa bado ananyonya siku zile. Hamjui bibi, hamjui mama. Anayemjua ni mimi.

Riziki alitapika kabla hatujafika Sange. Juu ya kitenge changu cha safari, bila shaka. Barieri nyingi, vizuizi vya barabarani. Baba Ombeni anashuka, anacheka na askari, anarudi usukani na uso mwingine.

Tumefika Kavimvira kabla ya giza, kwa binamu ya Baba Ombeni. Ziwa limekula nusu ya kiwanja. Ukuta wa choo umesimama peke yake ndani ya maji. Tunalala ndani ya kamioneti. Watoto wanashangilia kama wako harusini.

Jumanne, 16 Julai

Viboko asubuhi. Waliinua masikio tu, kisha wakazama. Asifiwe akasema wanatuogopa. Mvuvi mmoja akatufukuza pale ukingoni, na alikuwa na haki.

Mchana bandarini Kalundu. Mashua zinapakia sabuni na magodoro kwenda Baraka. Asifiwe sasa anataka kuwa kapiteni. Tumekula ndakala, dagaa wa ziwani, na bugali tumekaa nyuma ya gari, miguu inaning'inia. Siku nzuri. Niseme hivyo, ilikuwa nzuri.

Ila Baba Ombeni alianza kuwaonyesha watoto: hapa mama yenu aliuza mafuta, pale alipenda kununua mandazi, kwenye kanisa lile aliimba. Ombeni anauliza, yeye anajibu. Sauti yake inakuwa laini. Mimi niko nyuma, Riziki mgongoni, namenya vitunguu.

Ninamwonea wivu mtu aliyekufa. Nimeandika. Hakuna mahali pengine pa kulisema.

Jumatano, 17 Julai

Makobola. Milima inashuka mpaka majini, barabara inapenya katikati kwa shida.

Koko alikuwa anatwanga muhogo. Akatoka na unga mikononi. Alipomwona Riziki akakaa chini, pale pale kwenye vumbi. "Ni Vumilia. Ni Vumilia mwenyewe huyu." Akalia, akacheka, akalia tena. Unga ukabaki kwenye mashavu ya mtoto.

Halafu akaja kwangu. Nilikuwa nimejitayarisha kwa ubaridi. Akanishika mikono yote miwili. "Karibu, binti yangu. Umebatunza muzuri. Aksanti."

Sikujua niweke wapi macho.

Alhamisi, 18 Julai

Riziki yuko mgongoni mwa koko tangu asubuhi. Wanaanika ndakala mchangani pamoja. Anakula kwa mkono wa koko. Nyumbani hali sombe, majani ya muhogo, hata kwa fimbo. Hapa amekula sombe.

Nimefua nguo zote, hata zilizokuwa safi.

Ijumaa, 19 Julai

Wajomba wawili wa watoto wamekuja na samaki wakubwa wa kuchoma, mukeke. Na Sifa, mdogo wake marehemu, msichana mpole. Uwanja umejaa. Wananiita dada. Wananipa kiti kizuri.

Nilimwita Riziki aje kuoga. Akajificha ndani ya kitenge cha koko. "Sitaki weye! Nataka Koko!" Watu wakacheka, kicheko cha kawaida cha watu wanaopenda watoto. Na mimi nikacheka. Mashavu yakaniuma.

Mtoto huyu nilimbeba usiku wa malaria yake. Meno yake nimeyaona yote yakitoka. Mimi mwenyewe sijazaa, na kila mtu hapa anajua.

Hakuna aliyenikosea. Afadhali wangenikosea.

Jumamosi, 20 Julai

Naandika kwenye kiwanja cha Kavimvira.

Asubuhi tulipakia. Mjomba mkubwa akaomba sala ya safari. Tukaagana. Koko amesimama na Riziki kiunoni, akasema mbele ya wote, anatabasamu: "Sasa huyu mudogo, munaniachia?"

Watu wakatabasamu. Baba Ombeni akaniangalia mimi. Hakumjibu mama mkwe wake. Aliniangalia mimi. Na wakati huo huo Riziki akamkumbatia koko shingoni, akalaza kichwa.

Nikasema: "Abaki. Ni wenu."

Kwa sauti nyepesi, kama mtu anayempisha mwenzake kiti.

Tabasamu zikaisha. Mjomba mkubwa akasema, "Haya. Tumesikia." Nilingoja mtu mmoja apinge. Baba Ombeni alikuwa anatazama tairi. Basi nikapanda nyuma nikazitoa nguo za Riziki katikati ya nguo zetu, moja moja, nikazikunja vizuri. Mbona nilizikunja vizuri vile?

Riziki alitupungia mkono. Nadhani alifikiri tunakwenda sokoni.

Jumapili, 21 Julai

Luberizi. Tumefika nyumbani.

Njia nzima Ombeni alikaa mbele na baba yake, hakugeuka nyuma hata mara moja. Asifiwe alilala upande wake wa godoro na kuacha nafasi ya mdogo wake. Mazoea tu. Nafasi ile nimeitazama kutoka Kavimvira mpaka hapa.

Jirani ameuliza mdogo yuko wapi. Nimesema amebaki kumsalimia koko yake. Nimesema kwa furaha. Jirani akafurahi pia.

Jumatatu, 22 Julai

Nimepika chakula kingi kupita kiasi.

Jumatano, 24 Julai

Sifa amepiga simu. Alikuwa amejificha nyuma ya nyumba, nilisikia mawimbi.

"Dada, usikasirike. Mama alikuuliza vile kila koko anauliza. Ni desturi tu. Muntu anasema hapana, banacheka, safari inaendelea. Alikuwa nangojea useme hapana. Weye ukasema abaki."

Nikamuuliza koko amesema nini.

"Hasemi. Aliingia mu nyumba akalia. Anasema kama mutoto iko napendwa, hawawezi kumutoa vile banatoa kuku."

Basi hivyo ndivyo wanavyojua. Kwamba nilikuwa natafuta pa kumtupa. Koko hakumbakiza Riziki kwa kumtaka. Alimbakiza kwa kumhurumia.

Nilikaa chini jikoni. Nikaacha maziwa yakamwagika.

Alhamisi, 25 Julai

Nimemwambia Baba Ombeni. Tumegombana, mara ya kwanza kugombana kweli tangu anioe.

"Mbona uliniangalia? Mbona hukusema kitu?"

"Nilifikiri umechoka naye. Nikasema moyoni, si yeye alimuzaa, nisimulazimishe."

"Na minye nilifikiri unataka abaki kule kwa sababu ya mama yake."

Halafu akasema kila siku anapita mbele ya mlango wa chumba cha watoto haraka, asitazame ndani. Sikulijua hilo. Tunaishi nyumba moja.

Anataka kwenda yeye kumchukua. Nimesema hapana. Neno lilitoka kinywani mwangu.

Jumamosi, 27 Julai

Ombeni amenisikia naulizia nauli ya taxi mpaka Uvira, njia ya Makobola. Baadaye nimekuta ameniwekea maji ya kuoga, bila kutumwa.

Jumatatu, 29 Julai

Makobola tena. Gari la abiria, magoti ya watu, kuku miguuni. Njiani nilitunga maneno mengi. Nilipofika yote yakapotea.

Koko alinikaribisha. Alinipa maji, alinipa chakula, alisubiri nile. Ndipo nikapiga magoti. Nikamwambia wivu wangu wote, hata ule wa kumwonea marehemu, binti yake. Sikupunguza. Alisikiliza huku anatoa mawe kwenye maharage, na hakuniangalia mpaka nilipomaliza.

"Simama, binti yangu. Minye pia niliona vile mutoto alikukataa. Niliona uso wako. Sikupaswa kuuliza siku ile. Nilikosa na minye."

Nikaomba niondoke naye kesho.

Akatikisa kichwa. Akasema neno lile nililisema mbele ya wajomba. Mjomba mkubwa amepanda milimani, Bijombo, kuangalia ng'ombe wake, na mpaka arudi, wakae, wasikie, mtoto haondoki. Na huenda mjomba akakataa. Ana hasira. Alimpenda sana dada yake.

"Na kama akikataa?"

"Basi utakuwa unakuja kumuona. Mulango uko wazi."

Hilo ndilo jibu nililopewa. Sina haki ya kudai lingine.

Riziki alikuwa majini na watoto wa jirani. Alinitazama kwa mbali. Hakuja.

Jumanne, 30 Julai

Nimebaki. Baba Ombeni amekubali kwenye simu, atakuja na watoto mjomba akisharudi.

Asubuhi nimesaidia kuanika ndakala. Riziki alifanya kazi upande wa pili wa mkeka, akiniangalia kwa pembeni. Nikimsogelea, anasogea. Nikaacha kumsogelea. Sombe alikula kwa mkono wa koko. Sikuondoka mezani.

Mchana jua lilikuwa kali, koko akalala ndani. Mimi nilikaa kivulini nyuma ya nyumba, ziwa limetulia, hakuna hata mtumbwi. Riziki akaja, akasimama mbele yangu na mchanga miguuni.

"Weye pia bamekuacha hapa?"

Nikamwambia hapana. Nimekuja mwenyewe.

Akafikiri. Halafu akakaa kwenye mkeka, si karibu sana, akaanza kujifuta mchanga, mguu mmoja, kisha mwingine.