Mulambu wa Kabamba kwa Sosiete ya Mafuta

Kamina, nyuma ya stesheni

Mama yangu mupendwa,

Sasa hivi mujukuu wako Umba ametia mukono wake wote ndani ya mudomo wa pipa ambao baba yake Kabamba ametengeneza upya, ukanasa. Kuingia umeingia vizuri, kutoka umekataa, sawa vile samaki anavyokataliwa kutoka katika mugono wa Baba. Amelia mpaka majirani wamekuja kuchungulia kwenye lupango, hapa uani kwetu. Kabamba alitaka kucheka, akaona uso wangu, akaacha. Nimeupaka mafuta ya mawese, nimeusukuma mbele kwanza, ndipo nimeuzungusha ukatoka. Sasa amekaa chini anauangalia ule mudomo kwa jicho baya, na mimi nimeshika kalamu kabla hajarudia.

Mama, mumeamkaje huko Kinkondja? Mugongo wako unakuruhusu kuinama kwenye moshi wa samaki, ao bado unakusumbua? Na Baba, anakula? Sisi hapa tuko wazima. Umba anatembea, na kila mwanaume mwenye kofia anamwita tata kama baba yake, hata askari. Na wewe, mwalimu wa katekisimu unayemusomea Mama barua hii, nakuomba soma polepole, usiruke. Leo niko na ombi kwa Baba, nalipitisha kwa Mama, kwa kuwa najua ni nani anayesikilizwa katika nyumba ile.

Mama, unakumbuka nilikuandikia kwamba Kabamba alivunja mwavuli ulionipa siku ya ndoa. Nilikasirika, siku mbili sikumupikia. Njo huo mwavuli uliotufikisha tribinali. Ngoja nieleze.

Kazi yake ilikuwa pale depo ya mafuta, mabehewa yanaposimama. Alikuwa anajaza mapipa yanayopanda kamyo kwenda Kaniama. Njia ile ni mbaya, pipa likianguka kizibo kinaruka, mafuta yanamwagika. Siku moja yalishika moto, rafiki yake mumoja akaungua miguu yote miwili. Kabamba alitafuta siku nyingi namna ya kuyazuia. Halafu akakumbuka mugono aliouona kwa Baba alipokuja kuniposa, zile ndimi za matete zinazoangalia ndani, samaki anapita, harudi. Akakata ngozi ya ngombe, akatoa ndimi tisa, kila ulimi akautia ubavu wa chuma kutoka mwavuli wangu, akazifunga zote katika shingo ya pipa. Mafuta yanaingia. Unalilaza pipa, unalipiga teke, hata tone moja halitoki. Ukitaka kuyatoa unaingiza bomba, ndimi zinaachana zenyewe. Ulimi mumoja tu ulikuwa mufupi, kwa sababu chuma chake kilikuwa kimevunjika zamani, siku ile upepo ulipotukamata tukitoka kanisani.

Basi Mukubwa wa sosiete akatoka Lubumbashi kutembelea depo. Muntu mwingine angeuliza kwanza, mutanipa nini? Kabamba amelelewa katika desturi yetu, hawezi kusimama mbele ya shefu na mikono mitupu. Akauweka ule mudomo juu ya sahani mupya, akaufunika kitambaa cheupe, akapiga goti, akautoa kwa mikono miwili. Mulambu kabisa, Mama, vile wavuvi wanavyomupelekea shefu wa ziwa samaki wa kwanza. Mukubwa alifurahi, akamupiga bega, akamupa kofia yenye alama ya sosiete. Akamupa na karatasi ya kutia sahihi. Karatasi ilikuwa ndefu. Kabamba anasoma kama mimi, kwa kufuata kidole, na aliona haya kuweka kidole mbele ya Mukubwa. Akatia sahihi bila kusoma.

Siku niliyojua, sikupiga kelele. Nilimuambia tu aniapie, na aliniapia: karatasi yoyote ya sosiete, hatashika kalamu mpaka mimi niko pembeni yake, vidole vyetu viwili visome.

Umba alipokuwa hajaanza kukaa, mapipa mapya yakafika na treni. Kila pipa na mudomo wake, wa chuma safi, wa mashini. Kabamba akahesabu ndimi, tisa. Akatazama vizuri, mumoja mufupi! Alikuja nyumbani anakimbia, sijamuona akikimbia hivyo.

"Mama Umba! Banaiba hata makosa yangu!"

Tulicheka mpaka mutoto akaamka. Kisha Kabamba akasukuma chakula pembeni, akaniita nikae naye, akashika kalamu.

Aliandikia sosiete kuomba malipo ya kazi ya kichwa chake. Wakajibu kwamba injinia wao wa Ulaya ndiye aliyevumbua. Akaandika tena, wakamuondoa kazini, naye akawashitaki tribinali. Sasa ni mimi ninayeuza samaki wako wa moshi na mikate ya mafuta huko Base, kwenye kambi ya askari. Jirani yangu wa soko, Mama Bola, bibi ya askari kutoka Ekwateri, ananicheka mbele ya watu wote:

"Weye Mama Umba, bwana yako anapigana na sosiete ya mafuta? Shiye tuko na bunduki, na hata mafuta ya taa hatupate!"

Lakini njo yeye aliyeniazima kitenge chake kizuri cha kuendea tribinali.

Kwenye tribinali Kabamba aliweka mezani mifupa iliyobaki ya mwavuli wangu, pamoja na kipande cha kile chuma kilichovunjika, pembeni ya mudomo wa sosiete. Avoka wao, yule anayeisemea sosiete, alipoona ule ulimi mufupi, habari ya injinia ikaisha palepale. Akatoa ile karatasi ndefu ya Mukubwa.

"Sitwayeni Kabamba, hii sahihi iko ya nani?"

"Iko yangu."

"Na hii kitu, ulimuuzisha Mukubwa ao ulimupa?"

"Sikuuzisha. Nilimuletea mulambu."

"Mulambu njo nini?"

"Njo ile bantu banapelekea shefu."

"Basi, zawadi," avoka akasema, akakaa kama muntu aliyekwisha kushiba.

Mama, mwamuzi wetu ametoka mbali, upande wa Bandundu, mambo ya Kiluba hayajui. Nilimuona anaandika, nikajua anaandika zawadi. Miguu yangu ikasimama yenyewe, na Umba mugongoni.

"Papa mwamuzi, mulambu haiko zawadi! Shefu akikula mulambu na harudishe kitu, haiko tena shefu, iko mwivi!"

Watu wakacheka, polisi akaniambia nikae. Mwamuzi hakucheka.

"Weye njo nani?"

"Minyi bibi yake."

"Bibi hawezi kuwa shahidi ya bwana yake. Kuko muzee mwenye anajua hii desturi kwa kazi, hapana kwa kusikia?"

"Iko. Alikuwa anapokea samaki za shefu wa ziwa."

"Basi, akuye."

Karani alipoandika jina la Baba aliniuliza ni nani kwangu, nikamwambia ukweli. Akasema si kitu, mwamuzi atapima maneno yake. Wametupa muda mpaka kabla ya Pasaka. Baba asipokuja, ni karatasi peke yake itakayosema, na karatasi inasema zawadi.

Njo ombi langu hilo. Najua Baba amesema treni ni nyumba inayokimbia, hatalala ndani yake tena. Apande mashua mpaka Bukama, na Kabamba mwenyewe atamungojea pale, watasafiri pamoja, na akitaka kukaa macho njia yote, Kabamba atakaa macho naye. Aje aseme tu vile alivyofanya kazi yake. Kwamba samaki wakifika shefu anauliza wametoka mukono wa nani, na Baba anataja jina, na hakuna aliyerudi bila kitu, huyu jembe, huyu chumvi. Aseme na habari ya muzee Numbi, aliyepewa sehemu ya maji, na mpaka leo watoto wake wanavua pale bila kuulizwa. Kabamba anataka hivyo tu, sehemu yake ya maji. Akishinda anasema atafungua atelie yake mwenyewe ya kutengeneza midomo ya mapipa. Mimi nitaomba mwavuli.

Unajua Baba alisema muntu wa mabati kama Kabamba, asiyejua kuvua, atanilisha nini. Nimemusamehe. Akija nitamupikia bukari na samaki, na Umba atamwita tata, kwa kuwa atavaa kofia.

Munisalimie dada mukubwa na tumbo lake, asibebe maji. Munisalimie mujomba wa mitumbwi, na nkambo wetu muzee, mumuambie tumbaku yake ninaitafuta, sijaisahau. Wewe Mama, usikae kwenye moshi mpaka jua kali.

Mimi mutoto wako ninayekutamani,
Mama Umba

Mama, ningesahau kitu. Baba alete mugono mumoja mupya, mudogo. Nataka mwamuzi atie mukono wake mwenyewe ndani, aone.

Na tena, Kabamba ananiita kwenye lupango. Kuko mujumbe wa sosiete, amekuja na pikipiki, ameshika bahasha na kalamu. Namsikia Kabamba anamwambia, "Ngoja, bibi yangu akuye kwanza, tunasoma wawili." Mujumbe anacheka. Kabamba hacheki. Ananiita mara ya pili, nakwenda. Mwambie Baba, hata leo wakituletea karatasi gani, yeye asiache kuja, kwa sababu mulambu karatasi haiujui, yeye anaujua.