Mshono Ulionibeba Angani

Dada yangu mpendwa,

Pokea shikamoo yangu kabla ya neno lingine lolote, maana nakujua, barua isiyoanza na shikamoo utaiweka chini. Goti lako linaendeleaje? Yale mafuta ya kuchua niliyokuachia unayapaka, au yamekaa dirishani kama pambo? Shemeji naye, kikohozi kimempa nafasi ya kulala? Na bibi harusi wetu mtarajiwa, mwambie mama yake mdogo anamtaja katika sala asubuhi na jioni. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa mapaja yananiuma na shingo haitaki kugeuka kulia. Sababu utaisoma hapa chini, na nakuomba usicheke mpaka ufike mwisho. Ukifika mwisho sidhani kama utataka kucheka.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ninayo. Kwenye simu, dada, huwa huniachi nimalize. Nikisema neno moja wewe umeshajua matatu yanayofuata, nami kwa kukuheshimu naitikia hata yale ambayo sikukusudia kuyasema. La leo lazima nilifikishe mwenyewe.

Nilikuaga kwamba naja mjini kutafuta lesi ya gauni. Lesi sijainunua. Nilikuja kwa Njiti. Najua ukiliona jina hilo unakunja uso, lakini ni mwanangu, na ni miaka sita hajakanyaga kwangu, tangu gauni la harusi la binti yako mkubwa lilipofumuka mbele ya wageni, kutoka kwapani hadi nyongani, pale alipoinua mkono kuwapungia watu. Na uliponiletea kitambaa cha gauni hili la pili, ukaniambia kwa upole kabisa nishone mimi mwenyewe, ila mkono wa yule mtoto usiguse hata pindo, nilikaa na kitambaa kile mezani wiki nzima. Nilikizunguka, nikakikunjua, nikakikunja. Mkasi haukuingia. Ndipo nikakitia kwenye begi, nikapanda basi.

Njiti anaishi chumba kimoja juu ya duka la vipuri vya boti. Amejaa kidogo siku hizi, lile jina halimfai tena. Ana cherehani kubwa ya kushonea maturubai, na chumba kizima kimejaa kitambaa chekundu na cha manjano, mpaka chini ya kitanda. Nikamuuliza ni gauni la nani linalotaka mita zote hizo. Akanieleza kwamba pale ufukweni kuna mchezo wa wageni: mtu anafungwa mikanda, mikanda inafungwa kwenye mwavuli mkubwa, mwavuli unafungwa kamba kwenye boti, na boti ikikimbia mtu anapaa juu ya bahari, anautazama mji kama ndege. Yeye ndiye anayeishona ile miavuli na mikanda yake. Nikasema Mungu atuepushe, nikadhani mazungumzo yameishia hapo.

Hayakuishia. Alinipokea vizuri, sitamsingizia. Alinichemshia maji ya kuoga, akanipa kitanda, yeye akalala juu ya miavuli. Lakini kila nilipofungua mdomo kuongea la nyumbani, aliufunga. Alisema huko kwetu watu wanasema mshono wake haubebi hata gauni, na mimi nimemjia na gauni lingine. Basi nipande kwanza kwenye mshono wake. Nikishuka, tutaongea.

Nilikasirika, dada. Nilimwambia mtu wa miaka hamsini na mitatu hapandishwi hewani kama bendera. Nikamkumbusha nani alimzaa. Akasema anakumbuka vizuri, na kwamba nafasi yangu ni kesho saa tatu asubuhi.

Kesho yake tukafika, nimekwisha sali sala zote ninazozijua na nyingine nimezitunga njiani. Nahodha wa boti akainua kidole, akauonja upepo, akasema leo hapana. Nikauliza lini. Akasema upepo hauna barua ya mwaliko. Nikakaa kwenye benchi la plastiki mpaka mchana, maana kila nusu saa walisema labda utatulia. Nikajaribu kutumia muda ule kumwambia Njiti lililonileta. Akasema, “Ukishuka, mama,” akaenda kutia gundi kiraka.

Siku ya pili upepo ulitulia, ikawa zamu ya karatasi. Karani wa pale, msichana mwenye kucha ndefu kuliko subira, alinipa fomu ndefu kama ya kuomba pasipoti. Una ugonjwa wa moyo? Mgongo? Kizunguzungu? Macho je, yana tatizo? Nikaweka hapana kote. Hapo kwenye macho mkono ulisita, lakini nikaweka hapana. Akanipima uzito, akautangaza kwa sauti mbele ya foleni kama anauza mbuzi. Kisha akanitazama gauni langu, akasema sipandi bila suruali. Nikamwambia tangu nizaliwe nimeshona suruali zisizohesabika na sijavaa hata moja. Akasema basi leo nitavaa, au nirudi nyumbani. Nikatoka pale. Nilimwambia Njiti mchezo umeisha, anisikilize sasa hivi, hapa hapa njiani. Badala ya kunisikiliza akaniangalia kuanzia kiunoni hadi viatuni, akaenda zake. Jioni nikakuta amenikatia suruali ya kitambaa cha mwavuli, nyekundu, pana, yenye mfuko. Imenikaa sawasawa, na hakunipima. Nilitamani nipate kasoro, sikupata.

Siku ya tatu wakanifunga. Mikanda kiunoni, mikanda mapajani, jaketi la kuokolea limenibana mpaka sauti ikabadilika. Nikafikiri sasa kero zimekwisha. Nahodha akanyoosha mkono akataka miwani yangu. Nilimweleza kwamba bila miwani vitu vya mbali naviona ukungu na vya karibu sivioni kabisa. Akasema miwani ngapi ziko chini ya maji yale, akaitia kwenye kopo. Basi niambie, dada. Siku tatu za benchi, fomu, mizani na suruali, ili nikautazame mji kutoka juu, na mji wenyewe siuoni.

Kwa hiyo usiniulize mji ukoje. Boti iliguruma, miguu ikaacha mbao. Kitambaa changu cha kichwa kilichomoka, kikaenda zake. Niliona weupe mwingi ambao nadhani ni majumba, na kijani kingi ambacho bila shaka ni bahari, na kati yao mstari. Ila kimya cha kule juu sikukitegemea. Boti haisikiki, watu hawasikiki. Unasikia kitambaa kinavyovuta kamba, na pumzi yako.

Nilikuwa nimeushika mkanda wa bega kwa mikono yote miwili, kama mtoto aliyeshika nguo ya mama yake sokoni. Na kwa kuwa macho hayakuwa na kazi, vidole vikaanza kufanya kazi yao. Unavijua vidole vya fundi. Vikaufuata mshono ule, mistari minne imelala pamoja, hakuna iliyopanda juu ya mwenzake. Vikafika mwisho, pale cherehani inaporudi nyuma ili uzi usifumuke. Mimi nilimfundisha kurudia mara mbili. Hapa palirudiwa mara tatu. Nikahamia mkanda wa pili, mara tatu. Wa paja, mara tatu. Asubuhi nikifungwa nilimsikia mmoja wa vijana wa boti akimtania Njiti kwamba anapoteza nyuzi za watu, naye akamjibu kwamba moja ni ya kazi, ya pili ni ya mteja, na ya tatu ni ya wanaosema. Nilidhani ni mzaha.

Dada, nilining'inia pale bila macho, roho yangu yote iko juu ya mshono wa mtoto niliyemwacha aitwe mharibifu. Nilitaka kusali, sala ikakataa kutoka. Lililotoka ni hili ninalokuandikia sasa. Kama umesimama, kaa.

Ubavu ule wa gauni niliushona mimi.

Unajua sisi, kabla ya kupitisha cherehani, tunapiga bandi kwanza, ule mshono wa mkono mrefu mrefu wa kushikiza tu, ambao ukivutwa unatoka. Mimi siku zote napiga bandi kwa uzi mwekundu ili uonekane. Lakini gauni jeupe huwezi kuliingizia uzi mwekundu, ukipiga pasi ya maji unachuja rangi. Nikatumia mweupe. Ubavu wa kulia nikaupitisha kwenye cherehani. Kabla ya wa kushoto mteja akaniita mlangoni, anataka kupimwa. Niliporudi nikautazama, nikaona mstari mweupe juu ya kitambaa cheupe, nikasema huu nimeshaupitisha. Nikapiga pasi, nikalikunja. Binti yako alikwenda kwenye harusi yake ubavu mmoja umeshikwa na bandi.

Macho yangu wakati ule yalikuwa yameshanitupa. Miezi minane Njiti alikuwa ananitungia uzi kwenye sindano, namdanganya kwamba mikono yangu ina mafuta. Niliogopa wateja wakisikia fundi haoni wangehama wote kwa siku moja. Yeye katika gauni lile alishona pindo na vifungo, basi.

Ulipokuja na gauni mkononi ukauliza ubavu huu nani kashona, nilikuwa sijui. Hilo namwachia Mungu awe shahidi. Nilisema labda ni Njiti. Neno langu lilikuwa “labda”, dada, lakini wewe uliondoka bila hilo labda, nami sikukuita urudi. Mwezi uliofuata nikapata miwani. Nikalitoa lile gauni uliloniachia nilitengeneze, na kitu cha kwanza nilichokiona kwa macho mapya ni vipande vya uzi wa bandi vimening'inia kwapani. Nilivichomoa kimya kimya. Jumapili ile ile ukasimama kwenye kikundi chetu cha maombi, ukawaonya akina mama wasimpe mtoto yule kitambaa chao. Mimi nilikuwa mstari wa pili, miwani iko usoni. Ulipomaliza, nikaitikia amina pamoja na wenzangu.

Wiki ya pili yake Njiti akafunga begi.

Waliponishusha nilikuwa nalia, nahodha akadhani ni hofu, akaniletea maji. Njiti akanirudishia miwani, akaniketisha kwenye lile benchi, akasema haya sasa, ongea. Nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia. Hakushtuka. Alisema alijua tangu siku ile ya kwanza, aliuona uzi ukining'inia gauni likiwa bado mkononi mwako. Nikamuuliza kwa nini basi hakujitetea. Akasema amtetee nani mbele ya nani, amwambie Mama Mkubwa kwamba mama yake haoni? Alinisubiri mimi niseme. Alisubiri wiki, akasubiri mwezi, akaona kama ni kusubiri, bora asubirie kwenye kazi.

Nikaomba radhi. Akasema ameisikia, na akainuka kwenda kukunja mwavuli. Nikamfuata na suruali yangu nyekundu inavuma, nikamuuliza kama amenisamehe. Akasema anaijua radhi ya kunong'onwa. Alisemwa mbele ya watu, na hatasafishwa nyuma ya banda la maboti.

Kwa hiyo, dada, naomba kwako mambo mawili, na sina haki ya hata moja. La kwanza, barua hii isome kwenye kikundi, kwa sauti, nikiwepo. Nitakaa mstari wa mbele. Ukiona sura yangu inakuzuia, mpe mwingine asome. Binti yako mkubwa nitamwendea kwa miguu yangu, umwombe tu anifungulie mlango. La pili ni gauni. Kitambaa kiko hapa, hakijaguswa na mkasi, na mimi sitakishona. Macho hayatoshi tena, na hilo ndilo nililoshindwa kulisema miaka yote hii. Njiti yuko tayari kukishona, ila amesema mwaliko autoe Mama Mkubwa kwa mdomo wake, si mimi. Namba yake nimeiandika nyuma ya bahasha. Usipopiga, kitambaa chako nitakurudishia kikiwa kizima, na sitakulaumu.

Ndani ya bahasha utakuta kipande cha uzi mweupe, kirefu kama kidole. Usidhani ni takataka. Nimekihifadhi miaka sita kwenye kopo la vifungo, chini kabisa, na safari hii nimekuja nacho. Kipeleke dirishani kwenye mwanga, utaona kilivyojikunja mikunjo mirefu ya mkono.

Msalimie shemeji, wasalimie watoto wote, na akina mama wa kikundi uwasalimie baada ya kusoma, si kabla. Goti ulipake mafuta. Ningependa kuirudia barua hii nitengeneze maneno, lakini Njiti amesimama mlangoni, viatu ameshavaa, anataka tuipeleke posta sasa hivi. Hajaisoma na amekataa kuisoma. Anasema anaijua mikono yangu, nikilala nayo usiku mmoja tu nitaifumua.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuogopa kuliko nilivyomwogopa Mungu,

Fundi wako